Gunia la kilo sitini na mbili

Ni Alhamisi Kuu, tarehe 18 Aprili 2019, saa tisa na dakika kumi alasiri. Gari dogo jeupe linapanda kutoka Mamba, kwa sababu barabara ya huko hupanda kwanza hadi mgongo wa mlima ndipo iteremke kwenda Same. Masika imeloweka kila kitu. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba.

Kiti cha nyuma amelala mama mmoja, Esta, mkulima wa tangawizi. Pumzi zinamkatika. Mumewe, Zephania Mgonja, amekaa mbele lakini amegeuka, mkono wake umeshika wa mkewe. Blanketi la bluu amemtandikia mwenyewe, na pembe zake amezichomeka vizuri ili baridi isipenye.

Wanafika Kona ya Jiwe. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Gari linasimama, kimya, kama limesinzia.

Linakaa hivyo dakika arobaini. Kisha linawaka lenyewe, bila kuguswa na mtu, wala halioneshi kosa lolote. Lakini Esta hakuwa na haja nalo tena.

Miaka sita imepita. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, Zephania yuko kwenye uwanja wa magari pembeni ya barabara kuu pale Same, amepiga magoti nyuma ya gari la aina ile ile. Ana umri wa miaka hamsini na minane, elimu yake darasa la saba, na kazi yake ni kuyapima magari ya haibridi kabla watu hawajatoa hela zao.

Haibridi ni gari linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Hili la hapa ni dogo, la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na Wapare wameshalipa jina: Kimyakimya. Likiwa tambarare ya Kihurio, lita moja inakwenda kilomita ishirini na tano. Ukikanyaga breki, betri inajichaji. Ukiteremka mlima, injini inazima na unashuka kama mtu anayeota.

"Mara ya kwanza niliogopa," anasema. "Nilidhani limekufa. Kumbe linapumua kwa njia nyingine."

Kwa kila gari hulipwa shilingi elfu thelathini. Mwezi mzuri hupima magari kumi. Mwezi mbaya hupima mawili, na siku zinazobaki huenda shambani, kwenye tangawizi alizoacha Esta.

Anavyopima si kama wengine wanavyopima. Hakimbilii injini. Huanza na kiti cha nyuma. Pembeni ya kiti hicho, karibu na mlango, kuna kitundu chenye matobo madogo, ukubwa wa kiganja. Hapo ndipo betri kubwa iliyo chini ya kiti inapovutia hewa. Hewa ikikosekana, betri inachemka. Betri ikichemka, gari linajizima lenyewe ili lisiungue.

Hilo alilijua miaka miwili baada ya mazishi.

Mwenye uwanja ni Hamidu, kijana wa Kihurio mwenye maneno mengi. Ndiye aliyekuwa anaendesha lile gari jeupe siku ile. Zamani alilibebea tangawizi, magunia yamepangwa hadi kwenye viti, maana huko juu kila mtu hufanya hivyo. Gari lisilo na gunia kiti cha nyuma huonekana limekwenda bure.

"Nilimwita mzee Zefa anisaidie kung'oa kiti tusafishe," anasimulia Hamidu. "Tukafungua feni. Mzee, humo ndani kulikuwa shamba! Udongo umekauka, nyuzi za tangawizi zimejisokota kama kiota cha ndege. Nikacheka. Nilipomtazama mzee Zefa, hacheki. Anakitazama kile kitundu."

Tangu siku hiyo Zephania hakuondoka uwanjani. Alijifunza kwa kuuliza, kwa kufungua na kufunga. Vitabu vya magari yale vimeandikwa Kijapani, kwa hiyo aliyesoma na asiyesoma wote walikuwa sawa.

Akimaliza kusafisha, hulifunga gunia la mchanga wa mtoni kiti cha nyuma, kwa mkanda, kama abiria. Gunia lina kilo sitini na mbili kamili. Kisha hupanda nalo hadi Mamba na kurudi. Madalali wa uwanjani wana utani wao.

"Mzee Zefa, leo shemeji yuko nyuma?"

"Yuko," hujibu. "Ndiyo maana nawaambia msipige kelele."

Wanacheka. Hawajui kwamba kilo sitini na mbili ndizo zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya Esta, mara ya mwisho alipopimwa. Mwandishi aliambiwa hilo wakati wa chai, kwa sauti ndogo. Anayeandika haya naye amezika mke, kwa hiyo hakuuliza zaidi.

Safari ya kutoka zahanati ya kijijini kwao hadi hospitali ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye makaratasi ya wakubwa. Gari la wagonjwa liliahidiwa kwenye kampeni. Likaahidiwa tena kwenye kampeni iliyofuata. Mwaka mmoja lilikuja kweli, jeupe, lina king'ora. Wakubwa wakasimama mbele yake, wakapiga picha, wakala mbuzi. Jioni gari likaondoka na wakubwa. Mpaka leo picha ipo, imebandikwa ukutani zahanati. Mgonjwa akizidiwa anaweza kuitazama.

"Barabara wanajua kuifungua siku ya ziara," anasema Zephania. "Greda linapita leo, kesho mheshimiwa, keshokutwa mvua. Sisi tunabaki na mvua."

Ndiyo sababu kikundi cha wakulima wa tangawizi kimechoka kusubiri. Mwenyekiti wake ni mama Rogathe, mdogo wake Esta, wa tumbo moja. Misimu mitatu wameweka pembeni sehemu ya mauzo, sasa wana milioni kumi na sita. Wanataka gari dogo, la mafuta kidogo, la kulala pale zahanati na kuwashusha wagonjwa. Masika inaingia baada ya wiki tatu. Kuna wajawazito wanne wa kujifungua mwezi wa nne.

"Shemeji," Rogathe alimwambia kwa simu, "sisi hatujui magari. Utakalosema wewe ndilo tutakalonunua."

Kwa hiyo Jumamosi hii kuna magari matatu, umbo moja, matoleo matatu. La zamani, la kati, na jipya kabisa ambalo Hamidu ameliazima kwa mteja wake wa Moshi ili mzee alilinganishe.

Jipya ndilo la kwanza kupanda. Linaondoka bila mlio. Mwinuko wa kwanza linaupanda kwa umeme mtupu, ukungu unafunguka mbele na kufunga nyuma, na mkonge wa tambarare unabaki chini, mdogo kama nywele zilizochanwa. Mtu anaweza kusahau kwamba kuna gurudumu linalogusa ardhi. Zephania ndiye anayeendesha. Nyuma gunia limetulia.

"Hili lina nguvu," anasema hatimaye. "Betri yake inatoa umeme mwingi kwa mara moja. Lakini lina tumbo la chini, mawe yanalikwaruza. Na lina soketi ya umeme, ungedhani tungechomeka mashine ya oksijeni ya zahanati. Hapana. Umeme wa Kijapani, volti mia moja, mashine yetu inataka mia mbili na thelathini. Na bei ni milioni arobaini. Hili ni la kuota tu, siyo la kununua."

La kati linapanda vizuri pia. Lita moja kilomita kumi na tisa, mlima na mzigo. Feni yake safi. Hamidu analiuza milioni ishirini na tano, na anaapa kwa mama yake kwamba hashuki.

Linabaki la zamani. Milioni kumi na tano na nusu. Ndilo pekee wanaloliweza. Ndilo toleo la lile gari jeupe la siku ile.

Hapa mzee alikaa kwenye ngazi ya ofisi ya Hamidu kwa muda mrefu. Angeweza kusema neno moja tu: halifai. Angeaminiwa. Hakuna ambaye angeuliza kitundu kiko wapi, na kikundi kingesubiri misimu mingine miwili huku kimeinamisha kichwa.

"Mimi nilibeba tangawizi," Hamidu alimwambia, ameketi naye. "Wewe ulitandika blanketi. Wakubwa hawakuleta gari. Barabara ilikuwa tope. Mzee wangu, utaligawa vipi kosa hilo? Liache."

"Wewe unaweza kuliacha, Hamidu. Wewe hulali mchana."

Maana ndoto huja mchana, baada ya chakula, akijinyoosha kidogo. Anaiona sehemu ya nyuma ya lile gari jeupe, inang'aa kama chumba kilichofunguliwa dirisha. Esta amelala, anatabasamu, anamwambia nivutie hapa kidogo, miguu ina baridi. Naye analivuta blanketi. Siku nyingine pembe yake inafika kwenye kitundu. Siku nyingine blanketi ni fupi, linaishia kwenye goti. Akiamka hajui ipi ni ndoto na ipi ni kumbukumbu.

Aliinuka, akaingia kwa fundi wa kuchomelea. Alitoka na kitu kidogo: kizimba cha nondo nyembamba na waya wa banda la kuku, kimepinda kama kikapu kilichofudikizwa. Akakifunga kwa skrubu nne juu ya kitundu cha gari la zamani. Kisha akachukua blanketi, akalitandika kiti chote, akalifunika hadi juu ya kizimba. Chini ya blanketi hewa ilibaki na njia yake.

"Tutajaribu kama watu wanavyobeba wagonjwa," alisema. "Siyo kama Wajapani walivyopanga."

Saa nane mchana gari la zamani lilifika Mamba. Rogathe na wanakikundi kama ishirini walikuwa wamesimama nje ya zahanati, wengine bado mikono ina udongo wa tangawizi.

"Shikamoo, shemeji," alisema Rogathe.

"Marahaba. Njooni mpande. Huyu wa nyuma simtoi, mpisheni."

Wawili wakapanda, mama mnene na muuguzi, gunia likiwa kati yao, blanketi limewafunika wote magoti. Bibi mmoja akapiga kelele, "Zephania, hilo gunia linalipa nauli?" Watu wakacheka, hata yeye.

Wakaondoka kuelekea mgongo wa mlima. Rogathe alikaa mbele, na mwandishi akafuata nyuma kwa bodaboda. Mvua nyepesi ilianza, ya kupima watu. Kabla ya Kona ya Jiwe, Zephania alisimamisha gari kwa makusudi kwenye tope, mahali ambapo hakuna dereva anayesimama, kisha akaliondoa tena. Mara tatu. Gari liliguna, likateleza, likapanda.

Kwenye kona yenyewe hakuongeza mafuta wala hakupunguza. Muuguzi anasema mzee alikuwa anahesabu kwa sauti, kama mtoto kwenye mchezo wa kujificha.

Taa nyekundu haikuwaka. Wakapita. Juu, ukungu ulikatika na nchi yote ya chini ikaonekana, Kihurio na majaruba yake ya mpunga yanang'aa kama vioo vilivyotandazwa. Zephania akaliacha gari literemke lenyewe, injini imezima, hakuna sauti isipokuwa matone kwenye paa. Mama mnene nyuma akaanza wimbo wa kanisani, taratibu, akaacha katikati. Hakuna aliyetaka kuuvunja ule ukimya.

Waliporudi zahanati, vigelegele vilisikika hadi sokoni. Hukumu yake ilikuwa fupi. Linunuliwe. Feni isafishwe kila mwezi, atakuja mwenyewe, bure. Gunia la tangawizi lisipande humo hata la mjumbe. Na kizimba kisitolewe kamwe. Akifanikiwa, anataka kutengeneza vizimba hivyo kwa kila Kimyakimya inayopanda milima hii, Mamba hadi Msangeni, na kuviuza kwa bei ya soda mbili.

"Wakubwa wakija kupiga picha," alisema, "wapigeni picha na kizimba."

Watu walikuwa wanatawanyika. Rogathe alibaki mlango wa nyuma, anakunja blanketi. Akakiona kile kizimba, akapiga goti, akakigusa kwa kidole.

"Sasa hiki kinazuia nini, shemeji?"

Zephania akamweleza. Alimweleza vizuri, polepole, kama anavyowaeleza wanunuzi: kitundu, hewa, betri, joto, gari linajizima. Hakuficha kitu. Pengine maelezo hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi kwa miaka minne.

Rogathe alisikiliza mpaka mwisho. Aliendelea kukunja blanketi, mara mbili, mara nne, hadi likawa dogo kama kitabu. Kisha akalishika kifuani, akamtazama mume wa dada yake.

"Na siku ile, blanketi lilifika hapa?"