Hamira Nyeupe ya Hubert

Kwa Katungu hakuna mtu aliyewahi kutoka na njaa. Alizaliwa Butembo, akaolewa Kisangani na Hubert, mtu wa mtoni, wa upande wa Yanonge. Mashemeji na mawifi walipoona hazai waliacha kumpenda, ila kula hawakuacha. Sasa Hubert yuko kaburini, lakini kila Jumapili baada ya misa ndugu zake wanajaa uani, lituma ya ndizi inatwangwa, samaki wanakaangwa, na kelele zinafika kwa majirani. Nao majirani humwambia ana bahati, mjane gani mwingine ana watu namna hiyo? Katungu huitikia kwamba ndiyo, ana bahati.

Siku nyingine zote yuko peke yake. Anafanya kazi katika maabara ya chuo, anachemsha vyombo na kulisha hamira. Hubert alifundisha humo humo, na hamira hiyo aliileta mwenyewe aliporudi kutoka masomoni Ubelgiji. Ni kitu pekee alichoacha duniani ambacho bado kinazaa, na Katungu anakitunza kwa roho yake yote.

Si hamira ya mandazi hiyo. Ndani yake mna protini iliyojikunja kinyume na nyingine, wataalamu wanaiita prioni, na ni chokozi ajabu: ikigusana na nyingine iliyokunjwa sawasawa, hiyo nyingine nayo inageuka na kuiga umbo lake. Chembe mama ya hamira inapochipua mtoto humgawia kidogo cha protini hiyo, na mtoto anarithi umbo la mama ingawa katika ADN yake, ile DNA ya urithi, hakuna kilichobadilika. Hubert alikuwa haishi kulisimulia jambo hilo.

"Unaona, Katu," alimwambia siku moja, "mutoto anaweza kurizi kitu kwa mama, na haiko kwa njia ya ADN hata kidogo. Donc watu wanasema mambo mingi ya bure."

Katungu, asiye na mtoto wa kumzaa, alielewa anaambiwa nini. Aligeukia karo la vyombo ili asionekane akilia.

Hamira yenye umbo hilo huwa nyeupe, na iliyolipoteza huwa nyekundu. Lakini wekundu huo hujitokeza tu chakula kikiwa hafifu, kirutubisho kinachoitwa adenini kikipungua. Ndiyo maana Hubert alimsisitizia kila mara: wape chakula chepesi, wanaogeuka wekundu uwatupe, weupe uwahamishie kwenye kisahani kipya. "Ukiwashibisha, wote watakuwa weupe," alisema, "na hautajua tena nani ni nani."

Alipokufa, Katungu alilifuata agizo kwa muda, kisha moyo ukamshinda. Kuwalaza njaa watoto wa Hubert! Mwanamke huyu hajui kupika kidogo, hata umfunge mikono. Akawa anachemsha hamira ya mikate mpaka mchuzi unakuwa mzito, anachanganya na agari ya kugandisha, anawamwagia. Nao wakanawiri, weupe kama fufu ya muhogo, visahani vyote, miaka yote. Kila asubuhi alifungua kabati, akawasalimia, akaridhika.

Mwaka huu akaja Néhémie, mwalimu mpya, kijana mpole. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake hamira ya Hubert, akaipanda kwenye chakula chepesi, kama inavyotakiwa. Katungu hakuwa na wasiwasi wowote. Visahani vilipokuwa tayari, Néhémie alimwita.

Vyote vilikuwa vyekundu. Katungu aligeuza kimoja, akageuza kingine, akavisogeza dirishani penye mwanga.

"Mama Katungu," Néhémie aliuliza taratibu, "ulikuwa unawakulisha nini?"

"Niliwakulisha muzuri," alisema. "Muzuri sana."

Néhémie hakumkemea. Alimweleza kwamba umbo lile lilikuwa dhaifu, hupotea lenyewe mara moja moja, na huenda lilishapotea zamani. Shibe ndiyo iliyokuwa ikificha. "Bon, mama, isikuumize. Tutaomba ingine kule Ubelgiji."

"Ile haitakuwa ya Hubert," alijibu Katungu, akavua koti lake la kazi. Alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani kote jambo moja lilimuuma kuliko mengine: asubuhi zote zile alikuwa akisalimia kitu kisichokuwepo.

Jumapili hakwenda misa. Alisimama jikoni mbele ya sufuria mbili, kubwa ya kila Jumapili na ndogo aliyokuwa akipikia wao wawili, yeye na Hubert. Akaichukua ndogo. Na kama leo angepika wali mtupu, wa mtu mmoja? Ndugu wa Hubert wangekaa wangapi? Kuna mmoja angevuta kiti hata hivyo, akamuuliza habari yake? Ilikuwa rahisi sana kujua. Aliishika ile sufuria kifuani.

Mlango wa ua ukagongwa. Alikuwa Claudine, wifi yake, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, na nyuma yake sauti za wengine.

"Yaya Katungu, tulishafika! Samaki iko?"

Katungu akairudisha ndogo mahali pake. Akashusha kubwa, akaijaza maji hadi ukingoni.

"Iko," alijibu. "Iko mingi. Muingie."