Viza Haikumjua Salima

Mwanangu, nasikia umepata kontra, mkataba wa kazi wa nje, na unataka kuhama na nyumba yako yote. Nimefurahi. Lakini nimekutazama usoni, nikaona umechanganyikiwa, na uso huo naujua, maana niliwahi kuuvaa mimi mwenyewe. Basi kaa, nikupe habari yangu. Sina haraka, na wewe usiwe nayo.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile mume wangu Ramazani aliporudi kwetu Kasongo, hapa Kongo, kutoka Salamabila. Alikuwa fundi wa mashine za kuvuta maji katika mashimo ya dhahabu. Bwana mmoja wa Zambia alikuwa ameiona kazi ya mikono yake, akamtafutia nafasi kwenye mgodi wa shaba huko kwao: kontra ya miaka miwili, nyumba ya kukaa, na ruhusa ya kwenda na familia. Neno hilo, familia, ndilo lililotuvuruga.

Mimi nilikuwa na watoto watatu. Idi wa kwanza, kisha Mwamini, kisha Salima. Ukiniuliza leo bado nitakujibu watatu. Lakini Salima hakutoka tumboni mwangu. Baba yake alikuwa Hamisi, mdogo wake Ramazani, aliyefunikwa na udongo ndani ya shimo la dhahabu, akazikwa Lusangi. Mama yake alifariki akimzaa. Nilikuwa nikimnyonyesha Mwamini, basi nikampa Salima titi la pili. Mkono mmoja haulei mwana, wazee walisema, nami nilikuwa na mikono miwili na maziwa ya kutosha.

Ramazani alitumwa kwa kijana mmoja wa ofisi aliyekuwa akitengeneza faili za wasafiri. Aliporudi alikaa kitini bila kuvua viatu, akanieleza walivyosemezana.

"Ameniuliza watoto ni wangapi. Nikasema watatu. Akauliza kama wote nimewazaa mimi. Nikamwambia huyu wa mwisho ni wa mudogo wangu, marehemu."

"Akasema nini?"

"Akasema basi si mutoto wangu."

Nilicheka, nikidhani kijana yule hakuelewa Kiswahili. Mtoto wa ndugu yako si mtoto wako? Ni wa nani basi, wa serikali? Lakini Ramazani hakucheka. Kumbe katika lugha ya viza familia ni mume, mke na waliotoka tumboni. Shangazi si familia. Mama mzazi si familia. Na Salima, aliyelala mgongoni mwangu mpaka akajua kutembea, alikuwa mgeni.

Mwanangu, kuanzia hapo sikujua tena kipi kitangulie kipi. Idi na Mwamini walizaliwa wakati wa vita, watu wanakimbilia porini, hawakuandikishwa popote, kwa hiyo ilitubidi twende tribunali, yaani mahakamani, kuomba hukumu ya kusimama mahali pa akti, cheti cha kuzaliwa. Jina la Ramazani lilikuwa limeandikwa kwa Z kwenye karti ya uchaguzi na kwa DH kwenye diploma yake ya ufundi, na mwenye kutoa pasipoti akasema hao ni watu wawili. Mmoja alituambia chanjo ya homa ya manjano ifanywe kwanza, mwingine akasema pasipoti kwanza. Tulimsikiliza kila mtu, na kila mtu alikuwa na shemeji aliyewahi kusafiri.

Ndipo jirani yetu mmoja, mtu mwema kabisa, akaja na dawa yake.

"Mbona munateseka? Mwamini na Salima wako kimo kimoja. Andikeni kama ni mapacha. Nani atajua?"

Usiku huo Ramazani alinitazama, nami nikamtazama. Kwa kweli walikuwa wamenyonya pamoja. Asubuhi akasema tumpelekee Shangazi Feza habari hiyo, ili asije akasikia sokoni.

Shangazi Feza ndiye aliyewalea Ramazani na marehemu Hamisi. Tulimkuta nyuma ya nyumba akichambua sombe, majani ya muhogo. Ramazani alieleza yote, taratibu, mpaka akafika kwenye mapacha. Mikono ya mama yule ikasimama.

"Ramazani. Mutoto huyu iko na baba?"

"Alikufa, Shangazi."

"Sikuuliza kama alikufa. Nauliza iko naye ao hana naye?"

"Iko naye."

"Sasa unataka kumufuta. Udongo ulimuua mara moja, wewe kaka yake utamuua mara ya pili, kwa kalamu. Na kule, mutoto akiulizwa na mwalimu jina la baba yake, utakuwa umemufundisha kusema nini? Kila asubuhi atadanganya mbele ya kula chai?"

Ramazani aliinamisha kichwa. Nami nilitamani ardhi inimeze, ingawa Shangazi hakunitazama. Njia ya mwongo ni fupi, na sisi tulikuwa tunataka kuwapitisha humo watoto wadogo.

Nilisema kwa sauti ndogo, "Shangazi, hatuwezi kumuacha."

"Mumemuuliza mwenyewe?"

Hatukuwa tumemuuliza. Tulikuwa tumeuliza ofisi, tribunali, jirani na mashemeji wa watu. Salima aliitwa. Alikuja na vumbi miguuni, maana walikuwa wakiruka kamba, akasimama amekunja mikono. Ramazani akamweleza kwamba karatasi za Zambia hazimkubali, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kumwombea karatasi ya ulezi, ila hakuna ajuaye itachukua muda gani wala kama wenzetu kule wataikubali.

"Na nani alisema mimi nataka kwenda?" Salima akauliza. "Mimi nitabaki na Shangazi. Lakini museme mbele yake: mutarudi ao hamutarudi?"

"Tutarudi," akasema Ramazani.

"Na wewe mama?"

"Tutarudi," nikasema.

Akaenda zake kuruka kamba. Mwanangu, mpaka leo sijui kama kweli alitaka kubaki, au aliona macho yetu akatuhurumia. Mtoto akikurahisishia jambo, usifurahi haraka.

Karatasi zetu wanne zilipokamilika, tuliondoka. Kabla ya hapo Ramazani alikwenda tribunali hata hivyo, akaomba karatasi ya ulezi kwa njia ya haki, tukamwachia Shangazi aifuatilie. Tulipanda pikipiki mpaka Samba, tukangojea treni mpaka tukazoeana na mbuzi wa stesheni, tukafika Lubumbashi, kisha basi mpaka mpakani. Salima hakuja kutuaga. Aliambiwa pikipiki zimefika, akaenda mtoni kuteka maji.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyumba tuliyopewa ilikuwa nzuri, na bomba lilikuwa ndani. Lakini watoto walirudishwa madarasa ya chini kwa sababu walijua Kifaransa na shule ilitaka Kiingereza. Idi, aliyekuwa wa kwanza Kasongo, aliketi na watoto wanaomfikia kiunoni. Na mimi, niliyekuwa nikiuza mawese sokoni na kuamua bei yangu mwenyewe, nilisoma kwenye karatasi kwamba mimi ni mtegemezi wa mume na sina ruhusa ya kufanya kazi. Nikamwuliza Ramazani, "Nani anamtegemea nani hapa? Nani anapika?" Tukacheka, kisha nikaingia chumbani kulia, na sikuweza kumweleza ninalia nini.

Karatasi ya Salima ilitoka, ikakosa muhuri, ikarudi, ikakaa. Kila Ijumaa nilimpigia simu. Mwanzoni alinieleza kila kitu: mbuzi aliyezaa, mwalimu aliyehama, Shangazi anayekoroma. Baadaye alijibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama." Kisha akawa hayuko karibu na simu.

Kontra iliongezwa mara moja. Halafu mgodi ukafunga sehemu aliyofanyia kazi Ramazani, na hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo hakuna shemeji aliyetuambia: viza ile haikuwa ya Ramazani, ilikuwa ya kazi yake. Kazi ilipokufa, viza ya baba ilikufa, na ya mama, na ya watoto, zote pamoja. Tulipewa muda mfupi wa kutoka au kupata bwana mwingine wa kazi. Bwana mwingine hakupatikana.

Rafiki mmoja akasema, "Kaeni tu. Watu wengi wako bila karatasi. Jifunikeni kidogo."

Idi alikuwa anakaribia mtihani wa serikali. Sasa alikuwa akiota kwa Kiingereza, nilimsikia. Alitupigia magoti, mwanangu, mtoto wa kiume mwenye sauti nzito. "Baba, tukae mpaka nimalize. Kidogo tu." Ramazani alikwenda kwa mkuu wa shule, akaomba Idi afanye mtihani kabla hatujatoka, ikashindikana, maana mtihani una siku yake. Alirudi akaketi vile vile, bila kuvua viatu. Nilimwona anaanza kusema tukae. Sitamlaumu. Na mimi nilikuwa naanza kusema hivyo hivyo.

Nikampigia simu Salima. Sijui kwa nini yeye. Siku hiyo alipokea.

"Viza imeisha ao haiyaisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Sasa munangojea nini?"

Tulirudi. Idi alipoteza mwaka mzima, na kwa muda mrefu alijibu salamu yangu bila kunitazama. Tulimpatia kitu gani cha kumtuliza? Hakuna. Alikuja kupoa mwenyewe, pole pole, kama chungu kilichoepuliwa.

Salima alikuja stesheni ya Samba kutupokea, pamoja na Shangazi. Alikuwa amenipita urefu. Alinipokea mzigo, akapiga goti kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama mukubwa."

Mama mkubwa. Hakukosea. Mke wa kaka mkubwa wa baba yako ndiye mama yako mkubwa, ndivyo ilivyo kwetu. Lakini alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nilisema marahaba, nikafunga kilemba changu upya ili nipate mahali pa kuweka mikono. Usiku Mwamini alitandika mkeka wake pembeni ya wa Salima, nikawasikia wakinong'ona, huyu akitafuta maneno ya Kiswahili, yule akimkumbusha. Leo Salima ana nyumba yake na watoto wake, wananiita bibi, na tunakula sahani moja. Neno la "mama" tupu hajalirudia. Wala sijamwomba.

Basi utaniuliza, bibi, tulifanya vizuri kwenda au tulikosea? Mwanangu, nimeliwaza jambo hilo miaka yote na sijapata jibu. Tulirudi na mabati ya nyumba na ufundi mwingi mikononi mwa Ramazani. Tulirudi pia na hayo mengine.

Lakini haya nayajua, nawe uyashike. Kabla hujasema unahama na familia, uliza familia kwao maana yake nini, na uulize kwa wenye viza, si kwa shemeji wa mtu. Majina ya watu wako yafanane kwenye kila karatasi, na uanze na tribunali mapema, kabla ya kuuza hata kijiko. Uliza mke wako atafanya nini kule asubuhi, wewe ukishakwenda kazini. Uliza watoto watasoma kwa lugha gani na mitihani iko lini. Uliza kazi ikifa, viza itaishi siku ngapi. Usiandike mtu kuwa asiye, hata kwa mapenzi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nyumba yako hapa isikose mlango, na shamba lisikose mtu. Na yule ambaye karatasi haimjui, kaa naye chini, umuulize, na akikujibu haraka muulize tena kesho. Viza ya muda ni ya muda. Anayebaki hapa hesabu yake ya muda ni nyingine.

Nenda, mwanangu, kwa miguu miepesi. Mungu akufungulie mipaka, akulainishie nyoyo za wenye mihuri, awape watoto wako ulimi wa kule bila kuwanyang'anya wa hapa. Na siku ya kurudi, Mungu akukutanishe na watu wako wote, na jina walilokuwa wakikuita walikumbuke. Amina.