Nilienda Modogashe kujitafuta, wenyeji wakaniuliza kama nimeona mvua

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nimefuatilia nyuzi za vijana wa campus wanaosafiri kwa budget ndogo ili wajitambue. Hazijaniudhi. Ila zimenikumbusha aibu yangu mwenyewe, na leo nimeamua kuitua.

Daftari langu la wakati ule ninalo hapa mezani. Nikikosea mahali ni kumbukumbu, si nia. Elimu yangu ni ya cheti, tena sikukimaliza, kwa hiyo mniwie radhi kwa uandishi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka mmoja kabla ya El Nino. Nilikuwa chuo kimoja Nairobi nikisomea ufundi bomba.

Ndiyo, nilikuwa nasomea maji. Mtaona.

Hosteli tulikuwa na jamaa anaitwa Njoroge. Likizo moja alienda Lamu na nauli tu mfukoni, akarudi na shanga shingoni na sauti ya polepole. Ukimuuliza Lamu ikoje, anafumba macho kidogo halafu anasema, "Nilijipata."

Basi. Kwamba huko kuna nini, watu wanakula nini, hatukuambiwa mpaka leo. Lakini wasichana walimsikiliza. Na kwa haki niseme, hata mimi nilimsikiliza.

Nikaona nami nijipate. Lamu ilikuwa imeshachukuliwa, nikachagua kaskazini.

Darasani tulikuwa na Abdullahi, mtu wa Garissa. Akaniandikia barua nimpelekee baba yake mdogo, Hussein, aliyekuwa akichunga upande wa Modogashe. Akanionya jambo moja tu.

"Huko mgeni halipi chakula. Lakini ataulizwa habari. Hakikisha unazo."

Nikacheka. Habari si ni nzuri tu?

Garissa nilifika kwa basi. Kesho yake nikapata lori la sukari lililokuwa linafuata escort ya polisi, maana barabara ile siku hizo ilikuwa na majambazi. Nikapanda juu ya magunia, nikafungua daftari.

Niliandika kutwa nzima. Kurasa kumi na mbili. Tanboi wa lori, yaani utingo, alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Wewe ni karani wa sukari?"

"Hapana. Naandika hisia zangu."

Akaangalia magunia, akaangalia daftari. "Zimefika ngapi?"

Nawanukulia kidogo bila kurekebisha, ili msiseme najipendelea: "Mimi ni nani katika nchi hii kavu? Nahisi mdogo. Lakini pia nahisi mkubwa." Kurasa kumi na mbili za namna hiyo.

Alasiri wakanishusha kabla ya Modogashe, mahali ambapo tanboi alijua watu wa Hussein wamepiga kambi. Hussein alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, ndevu nyekundu za hina. Mkewe, Mama Halima, akanipa maziwa ya ngamia hata kabla sijasema jina langu. Barua ikasomwa. Majirani wawili wakaja, wakaketi.

Kiswahili cha Hussein alikipata kwenye soko la mifugo Garissa. Kilikuwa na b mahali pa p. Changu cha Kericho kilikuwa na makosa mengi zaidi, na hakuna aliyenicheka kwa hilo.

"Warran," akasema. Yaani, toa habari.

"Nzuri," nikasema.

Wakangoja. Nami nikangoja.

"Umebita wabi?" akauliza Hussein.

"Garissa."

"Haya. Mbuzi Garissa ni bei gani?"

Sikujua.

"Mvua umeona wabi?"

Sikujua. Wakuu, mimi ni mtu wa Kericho. Kwetu mvua inanyesha mchana karibu kila siku na hakuna mtu anaiuliza iko wapi.

"Ile silanga kubwa ya kando ya barabara, iko na maji?"

Silanga ni bwawa lililochimbwa kukinga maji ya mvua. Mbuzi na kondoo wa pale walikuwa siku ya tatu hawajanywa. Nilikuwa nimeipita ile silanga. Nadhani ilikuwa kwenye ukurasa wa saba, ule wa upweke.

Nikaona haya. Maziwa ya watu yako tumboni, wazee wananitazama, na kazi moja niliyopewa ilikuwa kuwa na macho. Nilikumbuka kwamba nikiandika ukurasa huo kulikuwa na kitu kikimetameta mbali upande wa kulia. Inawezekana ilikuwa maji. Inawezekana ilikuwa bati, au joto tu.

"Iko na maji," nikasema. "Mengi."

"Wallahi?"

"Ndiyo."

Wakashukuru Mungu. Mama Halima akaniongeza maziwa. Nililala nikijiona mtu wa maana sana.

Alfajiri nikaamka nikakuta wanawake wanabomoa nyumba. Nyumba zao ni za fito na mikeka, zinapakiwa juu ya ngamia. Nikachukua daftari. Nimeandika hivi: "Leo nimeshuhudia utamaduni adimu."

Nikamuuliza Mama Halima, "Mama, kuna sherehe?"

"Sherehe ya nini? Tunahama. Si umesema maji iko?"

Kalamu ikasimama.

Nikamuuliza hiyo silanga ni mbali kiasi gani. Akasema siku moja na nusu kwa mbuzi. Nikauliza, je, mkikuta imekauka? Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto kuhusu moto.

"Kufika watafika. Kurudi, hakuna."

Sasa hapa nitakuwa mkweli hata kama inaniumiza. Nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia labda maji yapo kweli, mbona nijitangaze mwongo bure? Hata sikuwa na hakika kama nimedanganya. Mtu akisema asichokijua halafu kikawa kweli, huyo ni mwongo au si mwongo? Nilizunguka na swali hilo huku ngamia wa kwanza ameshapakiwa na wa pili anapigishwa magoti.

Halafu mbuzi mmoja akaja akalamba ubao wa sanduku langu, akitafuta unyevu. Nikamwendea Hussein.

"Mzee, ile silanga sikuiona."

"Hukuona maji?"

"Sikuona silanga. Nilikuwa naandika."

Akawapigia wengine kelele kwa Kisomali. Kila kitu kikasimama. Hata ngamia wakageuza shingo, au mimi ndiye niliona hivyo.

Mama Halima ndiye aliyefika kwanza.

"Macho yako ilikuwa inafanya nini siku mzima?"

"Yalikuwa kwenye kitabu, Mama."

"Kitabu inasema nini?"

"Inasema... kuhusu mimi."

Kisha akawaita wenzake. "Kujeni muone! Huyu ametoka Garissa mbaka hapa, amejiona yeye beke yake!"

Walicheka, wakuu. Ningeweza kusema walinionea, lakini hapana. Ilikuwa haki yao, na kicheko kilikuwa cha bei nafuu kuliko nilichostahili.

Hussein hakucheka. Akaketi chini, akaniketisha mbele yake. "Soma," akasema.

Nikasoma kurasa zote, wanaume na wanawake wakiwa wamesimama na kamba mikononi. Nahisi mdogo. Nahisi mkubwa. Jirani mmoja akauliza kama nimeona daktari. Nilipofika ukurasa wa nane, nikasoma: "Nimeona ngamia wengi wamebeba vijiti vilivyopinda, wakifuata njia yetu. Nimehisi uhuru."

"Simama habo," Hussein akasema. "Vijiti ya kubinda? Na mikeka juu?"

"Ndiyo."

"Walikuwa wanaenda Garissa?"

"Hapana. Walikuwa wanakuja huku. Lori letu liliwapita."

"Baada ya silanga?"

Ukurasa wa saba, kisha wa nane. "Baada ya silanga," nikasema.

Akageuka akawaangalia wenzake. "Hao ni watu na nyumba zao. Wametoka silanga. Watu hawahami maji."

Ikaisha hapo. Wakageuza safari kuelekea kisima cha injini cha Modogashe, ambacho ni karibu lakini foleni yake walikuwa wanaikimbia. Tulikaa kwenye foleni ile siku mbili. Mimi nilipewa ndoo, nikamwaga maji kwenye birika la mifugo mpaka viganja vikachunika. Fundi bomba mtarajiwa.

Mbuzi mmoja alikufa tukisubiri. Sijui kama ni kwa sababu ya ile asubuhi niliyowapotezea. Mama Halima alisema hapana, huyo alikuwa mgonjwa tangu zamani. Alikuwa mwanamke mkarimu, kwa hiyo sijui mpaka leo.

Siku ya kuondoka walinipa jina. Wasomali hawakuachi bila jina. Waliniita Roble, jina la mtu aliyekuja na mvua. Kila aliyelitamka alicheka kwanza.

Hosteli Njoroge akaniuliza kama nilijipata. Nilimwambia mbuzi Garissa ni bei gani.

Miaka mingi baadaye nilikuwa soko la mifugo Garissa kwa kazi ya mabomba. Nikasikia mtu anaita kwa nguvu, "Roble!" Ni Hussein, ndevu bado nyekundu, sasa anatembea na fimbo. Hakunipa mkono.

"Warran," akasema.

Nikasimama nikatoa. Kule mji wa Mwingi kumenyesha juzi, barabara ina tope hadi daraja fulani. Ng'ombe niliowaona baada ya hapo wamekonda lakini wanatembea vizuri. Mto Tana umejaa, rangi ya chai. Malori matatu ya mbuzi yanaenda Nairobi, hakuna linalorudi na kitu.

Alisikiliza yote, kichwa chini. Nilipomaliza ndipo akanyoosha mkono.

"Na wewe mwenyewe?"

"Niko, mzee."

"Haya," akasema. "Hiyo tunaona."

Somo langu ni dogo na huenda si la kila mtu. Kijana, safiri, hata kwa nauli ya kwenda tu. Lakini kule utakakolishwa bure, wewe ndiye gazeti lao. Chungulia nje ya lori.

Karibuni mchangie, hata wa kunicheka, nimeshazoea. Ila kabla hujaandika unavyojisikia, tuambie kwanza uko wapi, na kama huko kumenyesha.