Walininyang'anya Jembe kwa Sababu ya Makengeza, Leo Wananiletea Mtoto

Admin, ficha jina langu, ila hasira yangu usiifiche. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, nauza dagaa na mboga hapa Mwanza, maeneo ya Mirongo. Nina makengeza tangu kuzaliwa. Jicho la kulia linakutazama wewe, la kushoto linatazama mambo yake. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Nilikulia kijijini, karibu na Bujora. Kwetu mavuno yakiisha, vikundi vya ngoma vinashindana, na chetu kilicheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Unarusha jembe juu, linazunguka, unalidaka bila kukosea hatua. Kiongozi alikuwa baba yangu mdogo. Sasa, mwenye makengeza hapimi vizuri umbali. Utotoni nilijikwaa kila mahali, hata chai niliimimina nje ya kikombe. Nikaamua mwili ujifunze kile ambacho jicho halijui. Nilichekecha unga nimesimama kwa mguu mmoja, nikapanda na kushuka mawe ya nyuma ya nyumba na ndoo ya maji kichwani, nikarusha jembe mpaka viganja vikaota sugu. Nilianguka sana. Mwishowe hakuna binti wa kikundi kile aliyenishinda kudaka.

Ikaja ile miaka ya tisini, biashara huria. Viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa kama uyoga, na tajiri mmoja akaita kikundi chetu kucheza siku ya kufungua kiwanda chake. Baba mdogo akapandwa na wazimu wa umaarufu. Akaninyang'anya jembe mbele ya wenzangu wote.

"Wageni watapiga picha," akasema. "Halafu hilo jicho lako litatuharibia dawa ya mganga. Wewe shika kibuyu cha maji, wenzako wakikaukiwa uwape."

Nafasi yangu akampa binti yake, mdogo wangu, mwenye macho mazuri ya ndama na uvivu wa kupindukia. Mazoezi? Nani afanye! Kwetu wapo wanaoamini ushindi wa ngoma unatoka kwa mganga, kwa hiyo walichanjwa, wakapakwa dawa, wakalala zao. Siku ikafika. Mdogo wangu akarusha jembe, likarudi, likatua juu ya mguu wa baba yake. Wageni wakapiga makofi wakidhani ndivyo ngoma inavyoisha.

Ningecheka mpaka leo. Ila yule mzee, damu inamtoka, akaninyooshea kidole pale niliposimama na kibuyu changu. "Ni huyu! Alikuwa anamtazama mwenzake vibaya!"

Hivi jamani, jicho ambalo juzi halikufaa kuona jembe, leo limepata nguvu ya kuliangusha? Mtu mzima na mvi zake! Lakini hakuna aliyeuliza. Na miaka ile kwetu mwanamke akishasemwa kwa jicho lake amekwisha, kuna vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu tu macho yao yaliiva kwa moshi wa kuni. Mchumba wangu wa Misungwi akatuma ujumbe kwamba hanitaki tena. Mama akanifungia nguo kwenye khanga, akaniambia, "Mayu, mwanangu, nenda mjini kabla hawajakuja." Alifariki bila sisi kuonana tena, na kumzika sikwenda kwa kuhofia roho yangu.

Sasa sikilizeni ushenzi wenyewe. Mwezi uliopita yule mdogo wangu wa jembe kaja hapa na mtoto wake wa mwisho, binti wa miaka tisa. Ana makengeza, tena upande uleule wa kwangu.

"Shikamoo dada," akasema. "Mtoto anaanguka ovyo. Daktari wa macho ameanza kumtibu, kasema na mazoezi yatamsaidia kusimama vizuri. Baba kasema umfundishe kama ulivyojifunza wewe. Ila isijulikane kijijini."

Nikamuuliza, "Na uchawi alionisingizia, kasemaje?"

Akatazama chini. "Kasema yaliyopita yamepita."

Khaa! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikamjibu, mwambie asimame uwanjani na kovu lake, aseme mbele ya watu kwamba alinisingizia. Hataki, basi amfundishe mwenyewe kwa hirizi zake. Jana wamerudi na jibu: mzee hawezi kujidhalilisha kwa mwanamke.

Nikafungua mlango niwatoe. Mtoto akajigonga kwenye fremu, wala hakulia. Akanigeukia, akasema, "Mama mkubwa, kama hutaki basi. Babu kasema ngoma ya mavuno mimi nitashika kibuyu."

Nikaufunga mlango, wao wakiwa ndani. Wamelala hapa kwangu. Nikimfundisha, yule mzee atakufa akijiona hana kosa, nami nitabaki na jina la mchawi. Nikimkataa, kibuyu nitakuwa nimempa mimi. Na sijamwambia neno, lakini asubuhi hii nimemkuta uani peke yake, amesimama kwa mguu mmoja, anaanguka, anasimama tena. Nyie wenye macho yaliyonyooka, nishaurini, nifanye nini?