Mkono wa Mama Sokoni Suneka

Ilikuwa Jumapili, saa nne na robo asubuhi. Wahadhiri wa chuo cha tiba ya viungo walikuwa wakihudumia wagonjwa sokoni Suneka. Mama mmoja, ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto, aliletwa na mkazamwana wake. Mhadhiri wa kike akampa ndizi mbichi na kisu.

“Mama, wacha nikumenyee,” mkazamwana akadakia.

“Dada, keti,” mhadhiri akamwambia. “Heshima yako ndiyo inayoulaza mkono huu.”

“Mwambie, daktari,” mama akasema. “Hata nikitaka kujikuna, hunitangulia.”

Ndizi ilianguka. Mama akaiokota mwenyewe, na safari hii vidole vilivyolegea vikaishika mpaka ganda lote likatoka. Sote tuliokuwa tukitazama tukashusha pumzi.

Wengine wanadai mhadhiri aliuponya mkono ule kwa kuugusa. Sivyo. Mkono alioushika, tena kwa nguvu, ulikuwa wa mkazamwana.