Kilomita Tatu Kutoka kwenye Maji

Nilipopewa kishikwambi na fulana yenye maandishi mgongoni, nilijiona mtu. Kazi yetu ilikuwa kupima hatari za maafa, nyumba kwa nyumba, vijijini upande wa Mugeta. Nyumba yenye hatari kubwa ilitoka nyekundu kwenye kioo, na wenye nyekundu wangepewa viwanja kule juu, karibu na shule. Ikitoka kijani, mwenyewe abaki alipo. Mimi wa Bunda mjini niliwaona wote waongo, maana kila mmoja alitaka nyekundu.

Mama mmoja alikuwa na nyumba ya matofali mabichi, ukingoni kabisa mwa korongo. Mume wake alikuwa amepooza, analala chumba cha ndani, mtu mrefu wa mifupa mizito. Mama mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Kilikuwa kiangazi na korongo lilikuwa mchanga mtupu, mbuzi wamelala humo.

Swali la saba lilisema: umbali wa kaya kutoka kwenye maji. Nikamuuliza anachota wapi. Akasema lamboni, kilomita tatu.

"Lakini mwanangu, maji huwaga yanapita hapa hapa." Akanionyesha mstari wa tope kwenye ukuta wa jiko, usawa wa goti lake. "Yakizidi hapo, huyu mzee mimi siwezi kumbeba. Niandikie nyekundu tu."

Nikaingia korongoni, nikapiga mchanga teke mpaka mbuzi wakakurupuka.

"Maji yako wapi, mama? Nionyeshe na mimi ninawe."

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka kidogo, kwa adabu, mkono mdomoni. Kicheko chake hicho nakichukia mpaka leo, kwa sababu kilinipa moyo. Nikaandika tatu. Nyumba ikageuka kijani, nikamwambia amshukuru Mungu. Nilijua vizuri kwamba swali lile linauliza maji ya mafuriko, si ya kuchota. Nilitaka kumkomesha tu, jua lilikuwa kali, na nyumba nyingi zilikuwa bado zinanisubiri.

Masika yakaja. Korongo lilijaa mchana, siku ya mnada, wanaume wote hawapo. Mama alimvuta mumewe kwa shuka mpaka mlangoni. Hapo akakwama kwenye kizingiti alichokuwa amekiinua mwenyewe kwa matofali mawili, ili maji yasiingie. Akamwacha pale, akakimbia kutafuta watu. Aliporudi nao, ukuta ulikuwa umemlalia mzee.

Wiki ileile nikatumwa tena, eti kwa sababu najua njia. Safari hii tulikuwa tunaandika hasara, kwa kishikwambi kilekile, na maswali ya mwanzo ni yaleyale. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, amenyoa nywele kwa ajili ya msiba. Niliomba asinitambue. Alinitambua, akainuka, akanipa ndoo nikalie, yeye akabaki amesimama.

Nikampa pole, akaitikia. Nilipofika swali la saba nikajaribu kuliruka, chombo kikagoma. Nikabonyeza tena na tena. Hatua chache kutoka miguuni mwetu korongo lilikuwa linapita, la rangi ya chai ya maziwa. Nikiandika hatua tano, wakubwa wangeniuliza ile tatu ya mwanzo niliitoa wapi.

"Kimegoma wapi?" akauliza.

Nikamsomea swali. Akayatazama maji. Hakuwa na hasira, na ningemshukuru kama angekuwa nayo.

"Andika tatu," akasema. "Si ulishaandikaga tatu? Usije ukagombezwa kazini kwa ajili yangu, mwanangu."

Nikaandika tatu. Nyumba ambayo haikuwepo tena ikatoka kijani.