Kipa wa Kimulot na Mashabiki wa Kericho

Niliondoka Chavakali kwa sababu ya simu ya kakangu Agufana. Kwa kawaida akipiga simu huuliza mvua na mahindi, kisha anakata. Safari hii hakuuliza kitu. Alisema, "Dada, njoo Kericho tukae pamoja uwanjani Jumamosi. Sitaki kukaa peke yangu."

Wasomaji wa nyumbani wanajua jinsi ukoo wetu unavyopenda mpira wa magongo. Mimi mwenyewe nilikuwa winga wa kushoto shuleni, kabla ya magoti kukataa na cherehani kunipa kazi nyingine. Agufana alienda Kericho akiwa kijana, akaajiriwa katika kiwanda cha chai, akaoa, akazaa huko. Kwa miaka mingi amekuwa kiongozi wa mashabiki wa Nyota ya Chai, timu ya wanawake ya upande ule. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, wengine wanaitikia. Ligi kuu ya msimu ujao ilikuwa imebakisha nafasi moja, na timu mbili ziliitaka: Nyota ya Chai na Msitu wa Kimulot. Zingekutana Jumamosi kwa mechi moja tu. Kipa wa Msitu ni Kageha, binti yake Agufana.

Alhamisi jioni niliingia Kericho. Kutoka Ahero joto lilinifuata mpaka tulipopita Kapsoit, ndipo hewa ikabadilika na watu wakaanza kuvaa sweta ndani ya gari. Pande zote mbili za barabara majani ya chai yalikuwa yamekatwa sawasawa. Nyumba ya kakangu iko katika safu ya nyumba za wafanyakazi, na mlangoni nilipokelewa na wifi yangu, Mama Kageha. Tukiwa jikoni alinieleza mambo ambayo simu haikusema.

Msimu uliopita Kageha alikuwa kipa wa akiba wa Nyota. Alikaa benchi kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka huu alipata kazi ya kufundisha chekechea Kimulot, na Msitu wakampa lango. Alipoleta habari hiyo nyumbani, baba yake alimwambia mezani kwamba mtu haihami timu ya nyumbani. Tangu siku hiyo wanasalimiana kupitia kwa mama.

"Na mashabiki wake wanasemaje?" nikauliza.

"Wanamcheka," akasema wifi. "Wanasema Jumamosi asianzishe wimbo, maana hawajui atamwimbia nani."

Ijumaa nilienda Kimulot, kupitia Litein na Mogogosiek. Agufana hakunituma, lakini nilipokuwa nikivaa viatu alinipa chupa ya asali. "Ukimwona mtu wako, mpe," akasema, akatoka kwenda kazini.

Kimulot iko karibu na msitu wa Mau, na baridi yake haina adabu. Kiwanja chao ni uwanja wa shule ulioinama kidogo upande mmoja, hivi kwamba timu inayoshambulia kuelekea chini ina faida. Nilimkuta Kageha langoni, amevaa kinga za miguuni zilizoshonwa na kushonwa tena, wenzake wakimpigia mipira kwa zamu. Ni msichana mrefu, mtulivu kuliko baba yake.

"Senje!" akaita, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, akavua kofia ngumu na kunikumbatia na jasho lake lote. Nikampa asali. Aliitazama, akauliza, "Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Sawa," akasema, akairudisha kwangu nimshikie, akaenda kumaliza mazoezi.

Pembeni mwa uwanja nilikaa na Mama Chelangat, mkulima wa chai na ng'ombe, ambaye ndiye roho ya mashabiki wa Msitu. Alinimiminia mursik, maziwa yao ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu, akaniuliza kama mimi ni jasusi wa Kericho.

"Mimi ni wa Chavakali," nikamwambia. "Huko tulikuwa tunawafunga nyinyi wote."

"Zamani," akasema. "Zamani hata mimi nilikuwa mwembamba." Akageukia tiketi. Kwa mara ya kwanza mechi ya upande ule ingekuwa na tiketi, na jambo hilo lilimkera. "Ati tununue karatasi tuone watoto wetu? Wale wa Kericho wakipata geti, wanajiona wako Nairobi. Lakini tutanunua. Tukikosa kwenda, watasema tuliogopa."

Nililala kwa Kageha. Hatukuzungumza habari za baba yake. Alinionyesha michoro ya watoto wake wa chekechea, na mmoja alikuwa amemchora mwalimu akiwa na miguu minene kama ya ndovu. Zilikuwa zile kinga.

Jumamosi asubuhi mashabiki wa Msitu walisafiri kwa lori linalobeba majani ya chai. Tulikalia magunia matupu ya wavu, tukaimba hadi sauti zikakauka. Mama Chelangat alikuwa amekubali niende nao kwa sharti kwamba tukifika nitakuwa huru kuhamia kwa kakangu, lakini nikihama nisiseme nimeona nini mazoezini.

Getini tulimkuta Rono, mkulima kutoka Kiptere, aliyepewa kazi ya kuuza tiketi kwa sababu ana sauti kubwa na haoni haya. Ni rafiki wa Agufana na mpinzani wake kwa kila hoja. Uwanja ulikuwa umezungushiwa kamba. Shida ni kwamba nje ya kamba, upande wa juu, kuna shamba la chai lililoinuka, na watu wasiotaka kununua walikuwa wamesimama katikati ya mistari ya chai wakiona vizuri kuliko sisi.

"Rono!" mmoja akapiga kelele kutoka huko juu. "Kuja huku uone mechi vizuri!"

"Nyinyi ni wezi wa macho!" akajibu Rono. "Nyota wakifunga bao mfumbe macho, halijalipiwa!"

Mama Chelangat alinunua tiketi yake, akaitazama pande zote mbili. "Hii inaonyesha nafasi ya kukaa?"

"Kaa mahali nyasi imekauka, mama."

"Hakuna mahali nyasi imekauka."

"Basi umeelewa," akasema Rono.

Kakangu alikuwa amekaa mwisho wa safu ya mashabiki wa Nyota, na kando yake palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeitaka. Niliketi hapo. Wenzake walikuwa wakimchokoza bila kupumzika. Mmoja alimuuliza kama amevaa fulana ya Msitu ndani. Mwingine alisema wimbo wa kwanza uanzishwe na mtu ambaye hana ndugu kwenye mechi. Agufana alicheka kila mara, ila mikono yake aliibana katikati ya magoti. Wimbo wa kwanza ulianzishwa na Rono, tena kwa sauti mbovu.

Nusu ya kwanza haikuwa na bao. Nyota walishambulia zaidi. Kageha alizuia mpira mmoja kwa mguu, mwingine kwa mkono wa kushoto akiwa amejirusha kabisa, na mashabiki wa Nyota walinyamaza kwa namna ambayo watu hunyamaza wakiona kitu kizuri kisicho chao. Nilimtazama kakangu. Alikuwa akiangalia nyasi.

Wakati wa mapumziko anga ikawa nyeusi upande wa Mau, na kabla timu hazijarudi uwanjani mvua ya mawe ikashuka. Tulikimbilia banda la kupimia majani, wachezaji, marefa, wenye tiketi na wezi wa macho pamoja, tumebanana. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana. Ilipopungua, Rono alitoka mlangoni akatazama shamba lile la juu. Machipukizi yalikuwa yamepigwa na kusambaa chini. Yeye ana chai yake Kiptere, na alipiga simu nyumbani akauliza kwa Kipsigis, akasikiliza, akairudisha simu mfukoni.

"Huko haikunyesha," akatuambia. "Kongoi, namshukuru Mungu." Kisha akarudia sauti yake ya getini: "Lakini tiketi hatarudishiwa mtu!"

Uwanja ulikuwa ziwa jeupe. Marefa waliamua nusu ya pili ichezwe Jumapili, baada ya kanisa. Wachezaji wa Msitu hawakuwa wamepanga kulala. Mama Chelangat akaanza kuuliza nani ana nafasi, na akina mama wa Kericho wakawagawana wageni papo hapo, kila mmoja akitaja watoto wangapi anaweza kulaza. Mama Kageha alisema atachukua watatu. Hakumuuliza mumewe.

Jioni hiyo tulikula ugali na mboga tukiwa tumebanana mezani, Kageha na wenzake wawili wakiwa wamevaa sweta za wifi. Agufana alikuwa ametangaza kwamba nyumbani mwake hakuna habari za magongo mpaka kesho. Kwa hiyo hakukuwa na habari yoyote. Mwishowe mmoja wa wasichana wale akasema kwa nia njema kabisa, "Baba, Kageha anatuambia wewe ndiye ulimfundisha kusimama langoni."

Agufana aliacha kutafuna. "Nilimfundisha asimame langoni kwetu."

"Nilisimama wapi, baba?" Kageha akasema. Hakupandisha sauti. "Msimu mzima nilikuwa benchi. Kila mechi ulikuwa pale, unaimba. Uliimbia kila mtu. Hata siku moja hukuja kuniuliza kama nina baridi."

Wifi aliinuka akaanza kutoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Kakangu alinawa mikono, akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Alirudi baada ya muda na kuni mkononi, akawasha moto upenuni, akachukua zile kinga za miguuni zilizolowa mvua na kuzisimamisha karibu na moto. Kisha akakaa kwenye kigoda, akizigeuza moja baada ya nyingine. Kageha hakutoka. Lakini alimtazama kupitia mlangoni kwa muda mrefu.

Jumapili asubuhi kinga zilikuwa hazijakauka, na majirani waliokuwa wakienda kanisani walimkuta Agufana bado amezishika juani. Rono alikuwa miongoni mwao, amevaa koti na tai.

"Agufana! Hiyo ni silaha ya adui!"

"Ni ya mtoto wangu."

"Ya kipa wa Msitu!"

"Rono," akasema kakangu, "zikilowa zinakuwa nzito. Ataumia goti. Wewe unataka kumfunga mtu mgonjwa?"

Rono alifikiri. "Mimi nataka kumfunga tu," akasema, "lakini kauka, kauka," akizielekezea kinga kidole kana kwamba anaziombea, akaendelea na njia yake.

Baada ya kanisa, getini kulikuwa na vurugu nyingine. Tiketi nyingi zilikuwa zimeyeyuka mifukoni. "Yangu imekuwa uji," mtu mmoja akasema. "Basi nionyeshe uji," Rono akajibu, na akampitisha kila aliyeonyesha kitu chochote chenye unyevu.

Nusu ya pili ilikuwa ngumu na chafu, matope yakiushika mpira. Kageha alicheza vizuri kuliko Jumamosi. Zikiwa zimebaki dakika chache Nyota walipata kona fupi, ile adhabu inayopigwa karibu na lango. Mpira ulipigwa chini, ukagonga gongo la beki wa Msitu, ukabadilisha njia. Kageha alikuwa tayari ameanguka upande mwingine. Lilikuwa bao la pekee.

Refa alipomaliza mechi mashabiki wa Nyota walirukaruka, kisha wakageuka wote kumtazama Agufana. Walitaka wimbo. Hata Rono alinyamaza akimngoja. Kakangu alisimama, akavuka kamba, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lango la Msitu ambako Kageha alikuwa amekaa chini kwenye matope. Alichuchumaa mbele yake. Niliwafuata, kwa hiyo nilisikia.

"Una baridi?" akamuuliza.

Kageha alicheka na kulia pamoja. "Baba, wanakungoja. Nenda uimbe."

"Wataimba tu."

"Rono ataanzisha. Si ulimsikia jana? Nenda."

Alienda. Aliimba wimbo wote wa Nyota, sauti ikikwama mara mbili, na wale waliomcheka wakaitikia kwa nguvu zaidi palipokwama. Upande wa pili Mama Chelangat aliwakusanya wasichana wake, akawaambia watacheza ligi ya kaunti na atakayehama atamkuta yeye barabarani. Sikujua kama ni mzaha. Wasichana hawakucheka.

Jumatatu asubuhi Agufana alitusindikiza barabarani. Mimi nilikuwa naelekea Kisumu na Kageha alikuwa anarudi kwa watoto wake Kimulot, hivyo kila mmoja alipaswa kungojea gari upande wake. Kakangu alinishika mkono, akanishukuru kwa kuja, akaniambia nimsalimie kila mtu Chavakali. Kisha akachukua mfuko wa binti yake, akavuka barabara pamoja naye.

Nyumbani wameniuliza habari za timu, wachezaji na nafasi yao msimu ujao, na nimewaambia ninayoyajua. Nilichojifunza mimi ni kidogo. Nilikuwa nimeenda kukaa na kakangu ili asione aibu ya kutojua ashangilie nani, nikagundua kwamba kushangilia halikuwa swali lake. Gari langu lilikuja kwanza. Nilipoangalia nyuma walikuwa bado wamesimama upande ule mwingine, yeye akionyesha kwa mikono jinsi mpira ule ulivyobadilisha njia, na Kageha akitikisa kichwa, akimwonyesha kwamba ulipita chini zaidi.